Mbele ya kufunga ku ukuta: namna mafundi wanajaribisha sirkwi mpya

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira kuko kisanduku kidogo kando ya batri. Wakati mwingine kimetoka dukani, wakati mwingine ni fundi wa kartie ndiye alikitengeneza: taa mbili, nyaya tatu ao ine, na kifuniko cha plastiki. Kazi yake ni kuchunga batri ya pano ya jua isimalizike kabisa usiku. Kikifanya kazi vizuri, hakuna mtu anakikumbuka. Kikikosea, batri inakufa mbele ya wakati, ao mbaya zaidi, nyaya zinapata moto watu wakiwa wamelala.

Mara nyingi fundi aliyetengeneza kile kibaya alijua elektronike vizuri. Aliruka majaribio tu.

Sirkwi yoyote mpya, iwe ya kuchunga batri, ya kuwasha taa ya inje magaribi ao ya kupiga kengele wakati tanki ya maji inajaa, inapita kwanza katika hali ya majaribio. Watu wa ufundi wanaita hiyo prototipi: kitu cha kwanza kinachotengenezwa ili kikosee mapema, wakati kukosea bado hakuli pesa mingi. Kuko njia nyingi za kuijenga, na kila njia inajibu swali lake. Plaki inayosaidia kujua kama wazo linatembea haiwezi kusema kama kitu kitadumu miaka 2 ku ukuta. Wengi wanachanganya hayo mawili, na hapo ndipo hasara inaanzia.

Ili mambo yaeleweke, tufuate kifaa kimoja tu, kile cha kukata umeme wakati batri imeshuka.

Kifaa chenyewe

Batri ya asidi ya volti 12, ile ya gari ao ya pano, ikijaa na ikipumzika inaonyesha karibu volti 12,7. Ikifika karibu 12,1 imebakiza nusu hivi. Ukiendelea kuivuta kila usiku hadi volti 11 ao chini, salfati inaganda ku plaki za risasi za ndani, na batri haishiki tena chaji kama zamani. Regulatere nzuri za dukani zinajua kukata zenyewe. Shida ni kwamba watu wengi wanafunga televizyo, konvertiseri na taa moja kwa moja ku batri, na regulatere inabaki kuchunga chaji ya mchana tu. Ndipo fundi anaombwa atengeneze kitu cha kukata.

Ku karatasi, shema ni nyepesi. Komparateri moja, kwa mfano LM393, inalinganisha volti mbili. Moja haibadiliki, inatoka ku diodi ya Zener. Ingine inatoka ku batri, kupitia rezistansi mbili zinazoigawanya. Batri ikishuka chini ya kipimo, komparateri inageuka, tranzista inaachia relei, na umeme wa nyumba unakatika. Vipande vyote havipiti 15. Mwanafunzi wa humanite teknike, opsio elektronike, anaweza kuichora ndani ya saa moja. Kuifanya itembee ni kazi ingine.

Plaki ya matundu: bila moto, bila eteni

Njia ya kwanza ni ile plaki nyeupe ya plastiki yenye matundu mengi, ambayo shuleni wanaita plaki ya majaribio, na wale wanaojifunza kwa video wanaita bredibodi. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni ubao wa kukatia mkate, na halikuanza kwa mzaha. Zamani za redio za lampe, watu wa Marekani waliopenda kujitengenezea redio walikuwa wanachukua ubao wa jikoni, wanapigilia misumari na skrubu, kisha wanafunga nyaya juu yake. Hii ya plastiki ilikuja baadaye. Mwaka 1971, Ronald J. Portugal wa kampuni ya Marekani EI Instruments aliomba haki ya umbo lake, na tangu hapo halijabadilika sana.

Ndani ya plastiki kuko vibanzi vya chuma vinavyobana kama springi. Matundu 5 ya mstari mfupi yameungana. Yale 5 ya ngambo ingine ya mfereji wa katikati yameungana kivyake. Kutoka tundu moja hadi lingine ni milimetre 2,54, kipimo kile kile cha miguu ya chipu za kawaida. Ndiyo maana chipu inakaa juu ya mfereji, miguu ya kushoto huku, ya kuume kule. Pembeni kuko mistari mirefu, mwekundu na wa buluu, ya kuleta umeme. Plaki kubwa iko na matundu 830, ile ya nusu 400.

Uzuri wake ni kwamba kubadilisha rezistansi ni kazi ya sekunde. Unachomoa, unaingiza ingine, unapima. Hakuna kipande kinaharibika, na kesho vipande vile vile vinatumika ku sirkwi ingine. Kwa shule yenye vipande vichache, hilo peke yake linatosha.

Lakini plaki hiyo iko na ujanja wake. Ku plaki nyingi kubwa, mistari mirefu ya pembeni imekatwa katikati, hata kama rangi inaonekana kuendelea. Mwanafunzi anajenga nusu ya sirkwi upande usio na umeme, anapoteza magaribi nzima akifikiri chipu imekufa. Multimetre ikiwekwa ku kipimo cha kulia inamaliza ubishi ndani ya dakika moja. Nyaya nazo ziwe za uzi mmoja mgumu. Zile zilizo ndani ya kebo ya rezo ya kompyuta zinafaa sana, na vipande vyake vinatupwa kila fasi wanapofunga intaneti. Nyaya za nyuzi nyingi zinajikunja, uzi mmoja unagusa jirani, na sirkwi inafanya mambo yasiyoeleweka. Tena, miguu minene ya diodi kubwa ao ya tranzista za nguvu inapanua springi. Tundu likisha kupanuka, rezistansi nyembamba itakayofuata itachezacheza ndani yake, inagusa, inaachia.

Na kuko mipaka isiyovukwa. Plaki hii haibebi umeme mkubwa. Ampere 1 tayari ni mingi, na kupita hapo springi zinapata moto na plastiki inayeyuka. Kwa hiyo umeme wa batri unaoenda ku televizyo ao konvertiseri haupiti hapo hata siku moja. Unapita inje, ku nyaya nene, na plaki inabeba tu ile sehemu ya kufikiri. Volti 220 hazigusi plaki hiyo, hata kwa kujaribu mara moja. Miguu ya vipande iko wazi, mkono uko sentimetre mbili kando yake.

Kile batri ya kweli inafunua

Tuseme sirkwi imejengwa ku plaki. Watu wengi wanaipatia umeme wa chaja ya kupunguzwa na kuongezwa, wanashusha volti polepole, relei inaachia ku 11,5, wanafurahi, wanaanza kusude. Ni hapo majaribio yanapaswa kuanza.

Kosa la kwanza linaonekana mapema. LM393 haijui kusukuma volti juu, inajua tu kuvuta chini kuelekea masi. Bila rezistansi ya kama kilo-ohm 10 kati ya mlango wake wa kutokea na chanya, mlango huo unabaki hewani. Aliyekopi shema kutoka picha ya simu, pembeni ikiwa imekatika, rezistansi hiyo haioni. Ku plaki ya matundu unaongeza na yameisha.

Kosa la pili halionekani mpaka batri ya kweli ifungwe, na mzigo wa kweli, kwa mfano lampe mbili za gari. Batri ikishuka hadi kipimo, relei inakata. Lakini batri iliyoachiwa mzigo inapanda yenyewe kidogo, kama mtu aliyetua gunia. Volti zikipanda juu ya kipimo, relei inafunga tena. Mzigo unarudi, batri inashuka, relei inakata. Tak-tak-tak-tak. Ndani ya nyumba, sauti hiyo inaweza kuendelea usiku wote. Midomo ya relei inaungua, na televizyo iliyowashwa na kuzimwa mara mia haitashukuru. Dawa inajulikana: rezistansi moja kubwa inayorudisha sehemu ndogo ya matokeo ku mlango wa komparateri, ili kipimo cha kukata kisiwe sawa na kipimo cha kurudisha. Regulatere nyingi za dukani zinakata karibu na volti 11 na nusu ao chini kidogo, na hazirudishi mpaka batri ipande karibu 12,6. Nafasi hiyo kati ya mbili ndiyo inaleta utulivu. Ukubwa wake hautoki ku kitabu. Unatoka ku batri yako, iliyozeeka kwa namna yake, na mzigo wako. Kwa hiyo unabadilisha rezistansi, unasikiliza, unabadilisha tena. Hakuna njia ingine inayofanya kazi hiyo haraka kama plaki ya matundu.

La tatu ni la hesabu, na watu wanalisahau. Relei ya gari ya volti 12, wakati imefunga, inakula karibu miliampere 150 ku bobini yake. Ni kidogo, lakini inakula muda wote umeme ukiwa umefungwa. Kwa saa 24 inafika ampere-saa 3,6. Batri ya ampere-saa 50 ambayo unataka kutumia nusu tu iko na 25 za kukupatia. Kifaa cha kuichunga kimekula peke yake sehemu moja juu ya saba. Mtu aliyepima kwa multimetre ku meza analiona siku hiyo hiyo. Asiyepima, analipa kila usiku bila kujua ni nani anaiba.

Hapo wengi wanaacha relei na kuchukua mosfeti, tranzista ya nguvu kama IRFZ44N. Mosfeti za aina hiyo zinapatikana mara nyingi ndani ya onduleri zilizokufa. Ikifunguka vizuri inaacha njia ya miliohm chini ya 20, kwa hiyo mzigo wa ampere 5 unapoteza ndani yake nusu wati tu, na kuichunga hakuli karibu kitu. Komparateri inaweza kuiongoza moja kwa moja. Wale wanaobaki na relei wasisahau diodi, 1N4007 inatosha, ikifungwa kinyume juu ya bobini. Bobini ikikatwa ghafla inatupa volti nyingi kwa nyuma, na tranzista inayoiongoza inakufa bila moshi, bila kelele.

Kompyuta nayo inaweza kujaribisha. Programu ya SPICE ilitoka katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1973, na watoto wake wako leo bure ku kompyuta. Inasaidia kuona kama mahesabu ni sawa mbele ya kununua kipande. Lakini kompyuta inajua tu kile ulichoiambia. Ukichora batri kamilifu, tak-tak-tak hautaisikia.

Kuhamia ku eteni

Sirkwi ikisha kutulia ku meza, inahitaji kutoka ku plaki ya matundu. Springi zinaachia kwa mtikisiko, na mtu aliyepanda moto ku barabara za mawe ya volkano kutoka Goma hadi nyumbani na plaki ndani ya mfuko anajua namna inafika. Vumbi na unyevu vinamaliza kazi. Wakaaji wa Kinshasa wanajua tangu 2013 roboti za kuongoza magari, kazi ya enjenia Thérèse Izay Kirongozi: zilitengenezwa ili zisimame ku jua na mvua, na zitumie umeme wa pano zao. Kitu cha namna hiyo kingezimika siku ya kwanza kama ndani yake kungekuwa nyaya za kuchomeka tu.

Njia inayofuata ni plaki ya mistari, inayojulikana kwa jina la Veroboard, iliyotoka Uingereza katika miaka ya 1960. Ni plaki ya kahawia yenye matundu ya milimetre 2,54 na mistari ya shaba inayokwenda sambamba upande wa chini. Mistari inafanya kazi ya nyaya. Pale haupendi umeme uendelee, unakata shaba kwa kuzungusha ncha ya mesha ya milimetre 4 kwa mkono. Sirkwi iliyokuwa ku plaki ya matundu inahamia karibu vile ilivyo. Makosa yake ni mawili: mstari uliosahauliwa kukatwa, na tone la eteni linalounga mistari miwili jirani. Mafundi wazuri wanapitisha ncha ya kisu kati ya mistari yote mbele ya kuwasha, hata kama wanaamini kazi yao.

Kuko pia plaki yenye duara za shaba tu, bila mistari, ambapo kila muungano unaufanya mwenyewe kwa waya chini. Inachosha zaidi, inakupa uhuru zaidi. Na kuko njia ya kuzungushia waya ku miguu ya mraba kwa kifaa maalum, bila eteni. Kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo hadi mwezini ilikuwa na miungano ya namna hiyo. Huku haionekani sana, tuiache.

Eteni yenyewe inastahili neno. Ile ya kawaida iko na bati 60 na risasi 40 kwa 100, na inayeyuka mbele ya kufika digre 200. Bati inatoka ku kasiterite, ile inayochimbwa Bisie, Walikale. Na tantale ya kondansateri ndogo za ndani ya simu inatoka ku koltani kama ile ya Rubaya. Inaondoka huku kwa magunia, inarudi imezungushwa ku kikopo kidogo, tena kwa bei ya duka. Kuhusu risasi: ni sumu, zaidi kwa watoto. Mikono inaoshwa mbele ya kula, na meza ya kusude haiwezi kuwa ile ya kukatia sombe.

Sude nzuri inang'aa na inakumbatia mguu wa kipande. Ile ya kijivu, ya duara kama shanga, wanaita sude ya baridi: inaonekana imeshika, kumbe haijashika. Pale umeme unakosa, kuko wanaopasha chuma ku mbabula. Inawezekana, lakini joto halipimiki, na chipu inaungua upesi. Afadhali kusude kwanza kitako cha chipu, kisha kuingiza chipu yenyewe baadaye kwa kidole.

Vipande vingi huku vinatoka ku mashine zilizokufa, na ni vizuri hivyo. Ila kondansateri kubwa za televizyo, onduleri na lampe ndefu za kuokoa umeme zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata kamba ikisha kuchomolewa, maana 220 ikinyooshwa na diodi inapanda hadi karibu 310. Unapima kwanza, unaimaliza kwa rezistansi, unapima tena, ndipo mkono unaingia.

Kisanduku cha batri kilichojengwa ku plaki ya mistari kinaweza tayari kwenda ku ukuta wa nyumba moja, si kumi, na kukaa mwezi. Mistari ya shaba haibebi umeme wa konvertiseri. Waya mnene ndio unabeba, kutoka batri hadi mosfeti na kurudi. Fizibli inakaa karibu kabisa na nguzo ya chanya ya batri. Ikiwekwa mbali, kipande chote cha waya kati yake na batri hakina mlinzi, na batri ya gari ikigongwa masi inatoa mamia ya ampere. Waya unawaka mwekundu mbele ya mtu kusimama.

Pale plaki ya matundu inakataa: FM

Wale wanaopenda redio wanakutana na shida ingine. Wanajenga emeteri ndogo ya FM ku plaki ya matundu, shema ni sahihi, vipande ni sahihi, na inakataa. Sababu ni plaki. Vibanzi viwili jirani vya ndani vinafanya kondansateri ya pikofaradi chache bila mtu kuiomba. Kwa sauti ya kilohezi 1, pikofaradi 3 ni kama ukuta, zaidi ya megaohm 50. Kwa megahezi 100, fasi ya FM, pikofaradi zile zile ni mlango wa ohm 530 hivi. Umeme unapita pale haukuchorwa.

Ndiyo maana watu wa redio wanatumia njia inayoonekana chafu lakini inatembea. Wanachukua plaki nzima yenye shaba, shaba yote inakuwa masi, na vipande vinasudiwa hewani juu yake, miguu mifupi sana. Chipu inalala chali miguu juu. Waamerika wanaita hiyo mtindo wa mdudu aliyekufa. Wengine wanabandika vipande vidogo vya plaki kama visiwa na kuunga juu yake. Majaribio yanafanywa bila antena, na rezistansi ya ohm 50 mahali pake. Hii haiko adabu tu. Bendi ya FM inaishia ku megahezi 108, na hapo hapo inaanza ile ya ndege. Emeteri isiyotulia inahama yenyewe, na huku kwetu uwanja wa ndege hauko mbali na makartie. Kutuma hewani kunahitaji ruhusa, hata kwa wati moja.

Kuchapa shaba nyumbani, na ziwa

Kisanduku kikisha kukaa mwezi bila shida, na majirani wanakitaka, kusude kumi kwa waya kunachosha. Hapo inakuja sirkwi ya kuchapwa, ile plaki ya kijani iliyo ndani ya kila redio. Wazo si la jana: Paul Eisler, enjenia aliyezaliwa Vienna, alitengeneza redio ya namna hiyo Uingereza mwaka 1936.

Nyumbani inawezekana. Mchoro unachapwa kinyume, kama ku kioo, kwa mashine ya leza ao fotokopi, ku karatasi ya kung'aa ya magazeti. Ile ya wino wa maji haifai. Karatasi inawekwa juu ya shaba iliyosuguliwa safi, pasi ya moto inapita juu dakika chache, wino wa toneri unashika ku shaba. Karatasi inalowekwa na kutolewa. Kisha plaki inaingia ndani ya perklorire ya chuma, maji ya rangi ya kahawa, ambayo inakula shaba yote isiyofunikwa. Inachukua dakika 10 hadi 30, haraka kidogo kama beseni limekaa ndani ya maji ya vuguvugu. Beseni ni la plastiki, maana chuma kingeliwa nacho. Mwisho matundu yanatobolewa kwa mesha ya milimetre 0,8 ao 1. Mstari wa shaba wa milimetre 1 unabeba kama ampere 2. Wa nguvu unapanuliwa.

Perklorire inaunguza ngozi na macho, na doa lake ku shati halitoki. Glavu, miwani, dirisha wazi, watoto inje. Lakini jambo ambalo watu wa huku wanalifanya vibaya zaidi ni kumwaga. Maji yaliyotumika yamejaa shaba, na shaba iliyoyeyuka inaua samaki na majani ya maji hata ikiwa kidogo. Goma inasimama juu ya mawe ya lava yenye matundu. Kinachomwagwa uani kinashuka. Bukavu, mfereji unaelekea Ziwa Kivu. Uvira, Tanganyika. Perklorire inaweza kutumika mara nyingi, kwa hiyo inarudishwa ku chupa yake ya plastiki iliyoandikwa jina. Ikisha kuchoka, inapunguzwa nguvu kwa bikarbonati, ile ile ya mandazi, ikitiwa kidogo kidogo maana inatoa povu nyingi. Povu likikoma, matope yenye shaba yanaachwa yashuke, yanakaushwa, yanafungwa ku chombo na kuchungwa mbali. Nayo hayaendi ziwani.

Kuagiza

Njia ya mwisho siku hizi ni kuagiza plaki China. Mchoro unafanywa ku kompyuta kwa programu kama KiCad, ambayo iko bure, inasema Kifaransa, na ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras. Viwanda vinatengeneza plaki 5 ndogo kwa dola chache tu. Usafiri hadi huku ndio unapita bei ya plaki zenyewe mara kadhaa, pamoja na wiki za kungoja, kwa hiyo watu watatu ao wanne wanaagiza pamoja.

Kosa ku plaki iliyoagizwa halibadilishwi kwa kuchomoa waya. Linakatwa kwa kisu na kuungwa kwa waya mchafu juu ya plaki nzuri ya kijani, ao linangoja wiki zingine. Na mara nyingi kosa haliko ku mahesabu. Ni miguu ya relei iliyo mipana kuliko ile ya mchoro, ao fasi ya skrubu iliyo chini ya kondansateri. Mafundi waliokwisha kuumia wanachapa mchoro ku karatasi kwa ukubwa wake wa kweli, wanaubandika ku katoni, na kupitisha kila kipande, na relei, na mosfeti, ndani ya matundu ya karatasi, mbele ya kutuma hata dola moja.